Manka Amefeli Boga

Usiku wa jana niliota nimeitwa ofisini, na aliyeniita alikuwa boga.

Lilikuwa limekaa kwenye kiti cha Madam Perpetua, mkurugenzi wetu, na lilikuwa bapa. Boga la karatasi, limetoka kwenye printa, mbele rangi ya chungwa, nyuma jeupe. Macho yake yalikuwa pembetatu, na meno yamekatwakatwa. Nilisita mlangoni nikijiuliza kama boga huamkiwa. Mwishowe nikasema shikamoo, maana Madam alishatuagiza tuheshimu vifaa vya kufundishia.

"Marahaba," likasema. "Kaa. Ila usikae upande wangu wa nyuma, huko sijachapwa."

Nikakaa mbele.

Nieleze kwanza, msije mkanidhania nimechanganyikiwa. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Moshi, watoto huniita Ticha Ndeshi. Mwezi huu wa kumi, tukiwa kwenye tathmini za kufunga mwaka, Madam Perpetua aliona kwenye simu yake jambo linaloitwa Halowini. Limetoka wapi, hajui, na hakuuliza. Aliona tu picha za watoto wa Kizungu wamezungukwa na maboga ya rangi ya chungwa, na chini yake shughuli arobaini za kukuza akili ya mtoto, akazichapa zote arobaini. Ikatangazwa Wiki ya Maboga. Hesabu mbegu za boga. Paka boga rangi. Chonga boga liwe na sura ya kutisha. Na kila mzazi ampe mtoto wake boga moja la rangi ya chungwa aje nalo.

Sasa boga la sokoni kwetu ni la kijani, lina mabaka meupe, na huo uchungwa, kama upo, uko tumboni. Wazazi walihangaika wee. Watoto wakaja na mapapai, wengine na machungwa, mmoja akaja na soda. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kulalamika kwamba tunafuga mashetani. Madam, kichwani amevaa kofia nyeusi yenye ncha, akamjibu kwamba hayo si mashetani, ni stadi za vidole. Sisi walimu tulikuwa tumejipanga nyuma yake tukitabasamu, na mimi nilikuwemo.

"Nimekuita kwa ajili ya mtoto mmoja," boga likasema, likanisogezea karatasi kwa jino.

Niliitambua. Ilikuwa ya Manka, mtoto wa miaka mitano. Karatasi ina boga lililochorwa kwa mstari mnene mweusi, mtoto kazi yake ni kupaka rangi. Watoto ishirini na watatu walipaka rangi ya chungwa, kama mwongozo wa kusahihisha unavyotaka. Manka alichukua krayoni ya kijani, akapaka taratibu, akaacha mabaka meupe mahali mabaka yanapokaa, na juu akatia kikonyo cha kahawia, kimekauka. Juu ya kazi yote hiyo palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, mistari miwili mirefu, pembe hadi pembe. Niliiweka mimi.

"Huyo nilishampa kosa," nikasema. "Na kwenye ripoti nimeandika."

"Nimesoma. Hajui boga, arudie mwaka. Umeandika vizuri. Sasa tunamrudisha."

"Maana yake ni kwamba wenzake watakwenda darasa la kwanza, yeye atabaki chekechea."

"Hayo ni maelezo yako. Mimi ni karatasi, nafuata kilichoandikwa. Tutamwuliza boga lina rangi gani. Kila akikosa, anarudi nyuma mwaka mmoja. Ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Basi ana nafasi tano. Hapo tumemhurumia."

Nikainuka nitoke nikamwone Madam, nikafungua mlango wa ofisi, na nje palikuwa sokoni.

Soko lote lilikuwa limezungushiwa mstari mweusi, mnene, wa aina ile ile ya kwenye karatasi. Madam Perpetua alisimama ndani ya mstari na kofia yake, miguu ameibana. "Ticha Ndeshi, angalia usitoke nje ya mstari," akaninong'oneza. "Mimi nilitoa mkono kidogo tu." Akanionyesha mkono wa kushoto. Ulikuwa mweupe pe, hauna hata kucha. Nikamwuliza kwa nini asiuruke tu huo mstari akaenda zake nyumbani. Akanitazama kwa mshangao, akasema maelekezo hayasemi hivyo. Mwanamke ana shahada mbili.

Kwenye meza ya mwisho alikuwepo Mama Manka na fungu lake la maboga. Hiyo ndiyo kazi yake hata nisipoota: anauza maboga na majani yake, na kwa maboga hayo anamsomesha Manka.

"Karibu, Ticha. Za tangu juzi?"

"Nzuri, Mama Manka. Za biashara?"

"Tunamshukuru Mungu. Mwanangu anaendeleaje huko?"

"Anaendelea vizuri," nikasema. Ripoti nilikuwa nimeibana kwapani, pamoja na karatasi ya Manka.

Akafurahi. Akasema ngoja anichagulie moja la zawadi. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akalibonyeza kwa ukucha, akatazama kikonyo kama kimekauka. "Hili limekomaa. Manka mwenyewe ndiye anayenichagulia siku hizi, hakosei." Akaninyooshea. Lile boga la kijani likakohoa.

"Mwulize kwanza huyo Ticha wako kama mimi ni boga," likasema.

"Mama Manka, hili linaongea."

"Huwa yanaongea yakiona walimu," akasema, akaendelea kufunga mafungu ya majani.

"Siku ile ukisahihisha," boga la kijani likaniuliza, "mezani kwako palikuwa na nini?"

Nikajitia hamnazo. "Karatasi za watoto."

"Na kwenye hotipoti?"

"Chakula changu cha mchana."

"Chakula gani?"

Nilitazama chini. "Boga la kuchemsha."

"Ganda lake rangi gani?"

"Kijani."

"Yule alikuwa dada yangu. Mdomo unamtafuna, mkono unamwandikia mtoto kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Wewe tumekulea sisi. Majani yetu umekula, maua yetu umeyaunga, mbegu zetu umezikaanga ukatembea nazo mfukoni. Leo karatasi imetoka kwenye printa, bado ya moto, inakwambia boga likoje, na wewe unaitikia ndiyo Madam."

"Mwongozo ndio ulisema hivyo," nikasema.

"Wahenga walikwambia usiige kunya kwa tembo, utapasuka msamba. Wewe ulishapasuka zamani, unatembea umebana tu."

Wachuuzi wa meza za jirani wakacheka. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya ndotoni. Nilijua tangu nilipokuwa nashika kalamu ile nyekundu kwamba mtoto amepatia. Nilimwogopa Madam, basi, hakuna kingine.

Kengele ya shule inalia hapo hapo sokoni. Manka ameketi kwenye benchi, soksi amezivuta mpaka magotini, miguu haifiki chini. Boga la karatasi linasimama mbele yake, linaangalia lisije likageuka.

"Boga lina rangi gani?"

Manka anatazama fungu la mama yake. "Kijani," anasema.

Anakuwa na miaka minne. Hakuna kelele yoyote. Sketi inamlegea, anaishika kwa mkono mmoja.

"Boga lina rangi gani?"

"Kijani, na lina madoa."

Mitatu. Viatu vinamdondoka. Mama Manka anaona, anaacha majani, anakuja huku anajifunga kanga kiunoni.

"Ticha, mwanangu anafanywa nini?"

"Anarudia mwaka," namwambia, kwa ile sauti tunayotumia siku ya wazazi.

"Kwa kosa gani?"

"Hajui boga."

Mama Manka anamnyooshea mtoto kidole. "Huyu?" anasema. "Ticha, huyu alijifunza kukaa nikiwa nimemwegemeza kwenye maboga, hapa hapa. Mengine alikuwa anayang'ata meno yakiota. Sasa anayelijua boga ni nani? Wewe?"

Manka anashuka kwenye benchi, ana miaka mitatu, anavuta sketi, anaenda mpaka kwa boga la karatasi. Analigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza.

"Halina kitu ndani," anasema.

"Hilo si swali tulilouliza. Rangi gani?"

"Kijani."

Miwili. Namgeukia Madam Perpetua, namwambia wewe ndiye mkurugenzi, mwambie aache. Anapekua karatasi zake kwa mkono wake mzima. "Hii ni shughuli ya thelathini na tisa," anasema. "Tumebakiza moja, Ticha. Tumalize tu, tusiwavuruge watoto."

"Boga lina rangi gani?"

"Ijani," anasema Manka, maana ulimi umeshaanza kumwia mzito.

Mmoja. Sketi iko chini kabisa, amebaki na shati la shule linalomfunika mpaka vidoleni. Mama yake anambeba, anamkalisha chini, anamwegemeza kwenye boga la kijani. Imebaki nafasi moja, na baada ya hapo hakuna mwaka wa kumrudisha.

Naitandaza chini karatasi ya Manka, nachomoa ile kalamu nyekundu nifute kosa.

"Mimi naandika," inasema kalamu. "Kufuta sikuajiriwa."

"Kosa hufutwa na aliyelitia," linasema boga la karatasi. "Kwa ulimi. Na wewe ulilitia mbele ya darasa, kwa hiyo utalilamba mbele za watu."

Hilo nilikuwa nimewaficha. Siku ile sikumpa Manka kosa kimya kimya. Niliinua karatasi yake juu, nikasema haya tazameni boga la Manka, na darasa zima likacheka. Manka hakulia. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akakaa. Nilifanya vile kwa sababu Madam alikuwa amesimama mlangoni na nilitaka aone kwamba Wiki ya Maboga inakwenda vizuri.

"Boga lina rangi gani?"

Manka hawezi tena kusema. Anainua mkono mdogo, anaupeleka nyuma, analipapasia ganda la kijani aliloegemea.

Sikumsubiri aliguse. Nilipiga magoti katikati ya soko, wachuuzi wote wanatazama, nikaweka ulimi kwenye pembe ya karatasi nikaanza kulamba mstari wa kwanza. Wino ulikuwa mchungu, wenye ladha ya sarafu. Nililamba taratibu nisiharibu kijani chake. Robo ya mstari, nikamsikia Manka akisema mama. Nusu, akasimama. Mstari wa kwanza ulipokwisha alikuwa na miaka minne, anatafuta viatu vyake. Nikaigeuza karatasi nianze mstari wa pili.

Hapo simu yangu ikalia. Saa kumi na moja na nusu, wakati wa kuamka.

Niliamka mdomo mchungu. Nikapiga mswaki, povu likatoka la waridi, nikajiambia fizi. Nikafungua mkoba, nikatoa karatasi za watoto. Ya Manka ilikuwa juu ya zote, na ilikuwa na mstari mmoja tu mwekundu, kutoka pembe hadi pembe. Karatasi ilikuwa na unyevu. Nikajiambia labda siku ile niliweka mstari mmoja. Mtu asiyetaka kujidharau hujiambia mengi kabla ya chai.

Shuleni nilimkuta Mama Manka mlangoni pa darasa, amemshika mtoto begani.

"Ticha, samahani," akasema. "Nimemfunga sketi kwa pini, usimgombeze. Jana ilimkaa vizuri kabisa, leo asubuhi inamdondoka. Na viatu navyo vinamvuka. Sijui ni homa, lakini mwili hauna moto."

"Shikamoo, Ticha," akasema Manka. Kichwa chake kilinifika chini kidogo ya mahali kilipozoea kunifika.

Madam Perpetua alikuwa ameshaingia darasani na shughuli ya arobaini mkononi. Nikampita. Nikaitoa ripoti, nikaichana mara nne, nikaitia kwenye ndoo ya taka. Halafu nikasimama mbele ya darasa na kuiinua karatasi ya Manka juu, kama siku ile. Watoto wakaanza kucheka, maana ndivyo nilivyowafundisha.

"Ticha Ndeshi," akasema Madam, "hiyo haimo kwenye ratiba."

Nikatoa ulimi.