Tiketi ya Kumi na Nane

Hadithi hii hapana mtu Mtopanga nzima anayeijua kunishinda mimi, ukiwatoa wote waliokuwa ndani ya basi lenyewe, maana mimi sikupanda. Lakini niliyosimuliwa yananitosha, na yale ambayo sikusimuliwa nayakisia vizuri kuliko waliokuwapo.

Mbeyu, mke wa Fondo, alikuwa na donge. Mwanamke kumwonea wivu mwanamke mwenzake ni jambo la kila siku na lina dawa zake. Wivu wa Mbeyu ulianzia kwa mabasi.

Fondo alistaafu bandarini akiwa na nguvu zake zote. Wenzake wakistaafu hufuga kuku. Yeye alifuga picha. Alizikusanya picha za mabasi ya kampuni ya Kisiwani, yale ya buluu yenye mkanda wa rangi ya maziwa ubavuni, yaliyokuwa yakienda Likoni, Changamwe, Kisauni na kila mahali kabla kampuni haijafunga mageti na matatu kuchukua barabara. Picha zilijaa sebule nzima. Picha ya arusi yao ilihamishiwa ukumbini, karibu na mlango wa choo, ili gari nambari Arobaini na Moja lipate nafasi. Tena lilipigwa picha kwa nyuma.

"Kwa nyuma," Mbeyu alimwambia jirani yake. "Lingekuwa hata limetugeuzia uso, ningesema mwanamume kapenda."

Kila Jumapili baada ya kanisa, wapenzi wa Kisiwani hukutana uani kwa Fondo. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na mchezo wao ni huu: mmoja hufumba macho, akatia mkono shavuni, akanguruma kwa mdomo. Huanza chini, akabadilisha gea, akapanda daraja la Nyali, akapumua breki. Wengine husikiliza kwa heshima kama wasikilizao mahubiri, kisha huambiana: hiyo ni Thelathini na Mbili. Sivyo, hiyo ni Ishirini na Tisa, Thelathini na Mbili ilikuwa na kikohozi.

Wana desturi nyingine, nayo ndiyo iliyoleta mambo. Mtu hawezi kusema "gari langu" mpaka atoe tiketi. Tiketi yenyewe si karatasi. Ni kusimama mbele ya wenzako ukasimulia jambo lililokutokea wewe mwenyewe ndani ya gari lile. Wakiridhika, gari ni lako, na tangu siku hiyo wewe mwenyewe huitwa kwa nambari yake. Fondo alikuwa mwenyekiti, na kila gari lilipotajwa, ama alilipanda ama alimjua aliyelipanda.

Mbeyu hakuwa na tiketi. Kazi yake ilikuwa chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi. Aliwahi kusema kwamba hata yeye alipanda mabasi zamani, akaulizwa nambari, akasema hakuangalia. Wote walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyesema hakumbuki jina la mamaye.

Basi akaja Purity.

Alitoka upande wa Airport, mjane wa miaka kama hamsini, mnene wa kupendeza, mcheshi. Babaye marehemu, mzee Mwarandu, alikuwa dereva wa Sitini na Tatu. Siku ya kwanza tu alisimama, akatoa tiketi: kwamba alipokuwa mtoto, shule ikifungwa alikuwa akikalishwa juu ya boneti ya injini, kando ya babaye, juu ya gunia lililokunjwa, akifanya hesabu zake hapo huku kalamu ikitetemeka, mpaka mwalimu akadhani mtoto ana ugonjwa.

Watu walicheka. Fondo hakucheka. Alisimama polepole.

"Gauni la kijani," alisema. "Nywele zimesukwa mabutu."

Purity akaweka kikombe chini. "Shemeji, umejuaje?"

"Nilikuwa nikipanda Sitini na Tatu kwenda kibaruani. Kila asubuhi nikikuona. Siku moja penseli ikakuanguka, mimi ndiye niliyekuokotea."

Purity alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema hiyo penseli anaikumbuka. Tangu siku hiyo ikawa Sitini na Tatu huku, Sitini na Tatu kule. Sitini na Tatu amefika? Hebu Sitini na Tatu atungurumie. Sitini na Tatu alinguruma kweli, nisimpunje, hata paka wa jirani alikuwa akihama uwanja. Na hamri lililofura kuliko yote, ambalo Mbeyu alilikanda kwa mikono yake akalitilia iliki, Fondo alimsogezea mgeni.

"Mama Linda," alikuwa akimwambia mkewe, "ongeza mbaazi."

Mbeyu aliongeza mbaazi. Kila alipopakua alimwona kijana Fondo ambaye yeye hakumjua, Fondo wa kabla ya ndoa, akiinama kuokota penseli. Angekuwa amemkuta na mwanamke gizani angejua la kusema. Lakini huyu alikuwa mtoto, na lile lilikuwa jambo jema, na ndivyo lilivyozidi kumkereketa. Walikuwa na zamani yao, wale wawili, na yeye hakuwamo. Alikuwa ameishi na mtu huyu akamzalia watoto wanne, na penseli moja ilikuwa imemtangulia.

Kisha Ngumbao akaja na habari. Ngumbao ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe, naye ni Kumi na Tano. Alikuwa amelipata gari la Kisiwani nyuma ya karakana moja, limeota majani, akalishughulikia kimya kimya kwa miezi mingi. Sasa linawaka. Nambari yake ni Kumi na Nane. Jumapili ijayo angelileta Mtopanga, wapande wote hadi Shanzu na kurudi.

Watu walishikana mikono. Fondo aliketi akashika kifua.

"Kiti cha mbele ni cha mwenyekiti," Ngumbao akasema. "Kile cha watu wawili, mkabala na dereva. Na mwenzake awe ni mwenye tiketi ya Kumi na Nane. Nani anayo?"

Hapana aliyeinua mkono. Kumi na Nane lilikuwa gari lisilo na mwenyewe.

"Kama hapana," Fondo akasema, akitazama chai yake, "ningeonelea tumpe Sitini na Tatu. Kwa heshima ya marehemu mzee."

"Mimi ninayo," akasema Mbeyu.

Alikuwa amesimama na sufuria ya mbaazi mkononi. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake. Ngumbao akamwondolea sufuria, akamwambia, "Toa tiketi, mama."

Mbeyu alikuwa amefanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli Shanzu kabla ya kuolewa, na hilo kila mtu alilijua. Alikwenda kwa lori la hoteli, lile la kubeba mboga, akiketi juu ya viroba vya viazi. Hilo hakulijua mtu. Basi akaanza. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, gari Kumi na Nane limejaa mpaka mlangoni. Mama mmoja akapanda na mbuzi. Kondakta, aliyeitwa Nguma, akakataa, mama akasema mbuzi ni mtoto bado. Wanabishana, mbuzi naye ameufikia mkono wa Nguma, akatafuna kitita kizima cha tiketi. Ikawa hapana tiketi, na hapana tiketi hapana nauli. Wote walifika Shanzu bure, wakimshukuru mbuzi.

Uani palikuwa na vicheko vya kumwaga chai. Mbeyu, kuona mambo yamekolea, akaongeza chumvi.

"Na mimi nilikuwa nimesimama, miguu imevimba. Kijana mmoja akanipisha kiti. Shati la manjano. Mzuri wa sura, mpole. Sikupata kumjua, lakini sijamsahau."

Alisema hivyo akimtazama mumewe. Alitaka limchome, walau kidogo, kama penseli ilivyomchoma yeye.

Fondo alimtazama mkewe, akamtazama Purity, akatazama watu waliokuwa wakimngojea mwenyekiti aseme neno. Halafu uso wake ukaangaza.

"Mbeyu," akasema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Linda azaliwe. "Mbeyu, yule alikuwa mimi."

"Nani?"

"Yule wa shati la manjano. Loo, yule mbuzi. Nilimshika pembe mimi, alikuwa ataka kumla Nguma hadi kofia. Kumbe yule msichana ulikuwa wewe."

Purity alipiga makofi, wengine wakafuata. Ngumbao akatangaza kwamba kiti kimepata mwenyewe. Mbeyu aliinama kuchukua sufuria yake, maana hakujua aweke wapi uso.

Wiki nzima ile alikuwa akimenya mihogo na kuongea peke yake. Shati la manjano alilitunga pale pale uani. Mbuzi alimtunga njiani kati ya sentensi mbili. Nguma lilikuwa jina la muuza makaa. Mtu awezaje kumshika pembe mbuzi ambaye hakuzaliwa? Mwanzoni alikata maganda mazito kwa hasira. Halafu akafika kwenye muhogo wa katikati, kisu kikasimama. Kama Fondo aliweza kupanda gari lisilokuwapo akampisha kiti mwanamke asiyekuwapo, je, penseli aliiokota wapi?

Akacheka hadi maganda yakamtoka mikononi. Lakini alihofia. Akimfichua, na yeye amejifichua, na kiti kimekwenda. Na kiti alikitaka. Alikuwa amekwisha kupiga pasi kitenge.

Jumapili Kumi na Nane likaja, buluu inang'aa, mkanda wa maziwa umepakwa upya. Watoto wa mtaa walilikimbilia, wazee wakaligusa. Ngumbao alikuwa kwenye usukani na glavu nyeupe. Mbeyu alipanda akaketi kiti cha mbele, dirishani, na Fondo kando yake. Purity alikaa nyuma yao tu, amejiegemeza mbele, kichwa chake kati ya vichwa vyao viwili. Injini ikanguruma chini ya boneti, watu wote wakafumba macho. Mbeyu hakufumba. Alimtazama mumewe, akaona machozi, na alimpenda, jambo ambalo halikumzuia kumkasirikia.

Walipofika Bamburi, Fondo alisimama, akashika chuma, akawageukia abiria. Wengine walikuwa wageni waliopandia njiani. Akawasimulia habari ya mbuzi. Sasa mbuzi alikuwa na kengele ya shaba. Sasa Nguma alilia. Sasa kijana wa shati la manjano alimwambia msichana maneno mawili ya upole, na msichana akatabasamu.

"Maneno gani, shemeji?" Purity akauliza, amejaa furaha.

"Nilimwambia, keti mrembo."

"Hata mimi ulinipa penseli kwa upole hivyo hivyo," Purity akasema, akamshika bega.

Mbeyu aliutazama ule mkono begani. Ulikuwa mkono mwema, hauna baya. Akautazama tena. Kiti alikuwa amekikalia tayari, gari linakwenda, na hapana mtu wa kumshusha barabarani na kitenge kilichopigwa pasi.

"Baba Linda," akasema, taratibu, kwa sauti ya kuwafikia hata wa nyuma. "Mimi sikupata kupanda gari hili."

Fondo akageuka. "Unasemaje?"

"Nilikuwa nikienda Shanzu kwa lori la mboga. Gari hili nimeliona leo. Yule mbuzi nilimtunga uani, nimeshika sufuria. Na mama mwenye mbuzi. Na Nguma ni yule muuza makaa, si umemwona juzi. Nilikuwa naona wivu, basi. Tiketi yangu ya uongo, nichekeni, nimekubali."

Hapana aliyecheka. Walikuwa wakihesabu taratibu vichwani mwao, na unaona jinsi hesabu zilivyokwenda, maana macho yaliondoka kwa Mbeyu moja baada ya jingine yakamwendea mwenyekiti, aliyekuwa bado amesimama ameshika chuma.

"Na shati la manjano?" Ngumbao akauliza bila kugeuka, mikono kwenye usukani.

"Na shati," akasema Mbeyu.

Purity aliuondoa mkono begani kwa Fondo. Aliukunja mapajani pake. Walipopita njia ya Utange akauliza, polepole, kama mtoto anayemuuliza babaye:

"Shemeji. Lile gauni langu lilikuwa la rangi gani?"

"Kijani," akasema Fondo.

"Nilivaa sare ya shule. Buluu. Mama hakuwa na uwezo wa gauni jingine. Siku ile uliposema kijani nilijiambia labda mimi ndiye niliyesahau."

Mbeyu akasogea dirishani kumpa mumewe nafasi ya kuketi. Fondo hakuketi. Aliitazama boneti, akaitazama barabara ya Shanzu iliyonyooka mbele yao.

"Labda," akasema, "lilikuwa gari jingine."