Kanuni za Mhakiki wa Bweni la Tatu

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba likizo ile nilikuwa mkazi pekee wa Bweni la Tatu: vitanda arobaini, mtu mmoja. Baba alisema angenifuata Jumamosi, bila kutaja ipi. Mlinzi wa getini, anayeniita Profesa, aliniambia nishukuru, maana sasa naweza kuchagua godoro.

Nikajitolea kuwa mhakiki kwenye ghala moja la hadithi mtandaoni, linaloendeshwa na wasomaji wenyewe. Mtu anatuma ombi hadithi fulani iingizwe. Mhakiki anadai ushahidi kwamba iliwahi kuchapishwa. Akiridhika anabonyeza "Kubali", na hapo ombi hufungwa pamoja na mazungumzo yake yote.

Mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliomba hadithi ya marehemu dada yake, iliyotoka mara moja tu katika jarida la wauguzi. Aliambatanisha picha za kurasa zote nne, jina la dada likisomeka vizuri kabisa. Ushahidi ulitosha siku ile ile. Nilipaswa kubonyeza.

Badala yake nikaandika: "Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Saba, mwombaji aeleze rangi ya jalada."

Utani tu. Akajibu kwamba lilikuwa la kijani, na dada yake alilifunika kwa gazeti kuukuu ili mama yao asilimwagie chai. Nikacheka, kicheko kikazunguka vitanda vyote kikanirudia.

Kesho yake nikatunga Kanuni ya Kumi na Nane: marehemu aliandikia wapi?

"Chooni, Bwana Mhakiki. Tulikuwa tisa nyumbani, na mlango wenye komeo ulikuwa huo mmoja."

Kanuni zikafika ishirini na tatu. Nilikuwa naamka mapema, napiga mswaki, nachana nywele, kisha nakaa kusubiri majibu kama mtu mwenye ofisi.

Jumamosi akaandika: "Bwana Mhakiki, hizi kanuni unazitunga. Nimefanya kazi hospitali miaka thelathini, watu wa fomu nawajua. Kesho watoto wa dada wanakuja kwangu, nataka wamkute mama yao humo. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Nilihisi. Umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba. Haya, mpokee dada yangu."

Nilikaa kidole kikiwa juu ya kitufe. Nje gari lilipunguza mwendo karibu na geti, kisha likaendelea na safari zake. Nikabonyeza. Maneno yake yote yakatoweka, na kisanduku cha kuandikia pia.

Nikaufungua ukurasa wa dada yake. Chini palionyesha idadi ya waliousoma: mmoja. Huyo ni mimi.

Jumapili alasiri wasomaji walifika kumi na tisa. Nilikaa kitandani nikijaribu kukisia muuguzi alikuwa wa ngapi.