Taa ya Mabawa

Mwaka ule serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya Kiafrika, Constance alianza kuitwa Chanda. Alikuwa mchongaji mwenye diploma ya sanaa. Mimi, Amisi, nilikuwa fundi wa shaba pale Naviundu. Niligonga picha za swala wenye pembe, wasafiri wa uwanja wa ndege wa Luano wakazinunua.

Siku moja aliingia uani kwangu na karatasi. Juu yake alikuwa amechora kichuguu kirefu, kitupu ndani, chenye mamia ya matundu.

"Hii iko sanamu?" nikauliza.

"Iko taa, Baba Amisi. Ya maternité ya kule Ruashi, kwenye bamama banazalia. Miye nitachonga viti, weye utagonga shaba."

Nilicheka. "Weye sculpteur muzima, unafanya mataa na viti?"

Hakukasirika. "Sanamu, bantu banaiangalia, banapita. Kiti kinabeba muntu. Na taa inakaa na mama mwenye kuogopa."

Nilikubali, kwa ubishi zaidi kuliko imani. Shaba ukiigonga inakakamaa; unaitia motoni ilainike, unagonga tena. Kila tundu alilitaka liwe na umbo la bawa la kumbikumbi, na mawili yoyote yasifanane. Bamba la kwanza lilinipasukia wiki ya tatu. Chanda alipitisha kidole kwenye ufa ule. "Tuanze tena," akasema, basi.

Yeye alikuwa akichonga mabenchi ya mulombwa, mti ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu. Aliwaita wajawazito wa jirani wakalie ubao mmoja mmoja. "Wapi kunauma?" aliwauliza, kisha akachimba mbao palepale penye maumivu, mpaka mgongo wa mwanamke ukapata pa kulala. Nilimwona mmoja akikaa, akifumba macho, akikataa kuinuka. Toka siku hiyo sikucheka tena.

Tuliitundika taa katika wodi ya Ruashi jioni ya Novemba, mvua kubwa ya kwanza ikiwa imetoka kukatika. Mkunga Mutale akaiwasha.

Ukuta wote, dari yote, vikajaa mabawa ya mwanga. Yalilala juu ya nguo za akina mama, juu ya mikono yangu. Mama Asha, ambaye binti yake alikuwa na uchungu chumba cha pili, aliacha kuhesabu tasbihi.

Halafu mabawa yakaanza kwenda.

Nilidhani taa inayumba. Nikaushika mnyororo wake: taa ilitulia kabisa. Ndipo nikawaona kumbikumbi wenyewe, wamepanda kutoka ardhini baada ya mvua, wanamiminika dirishani kwa maelfu. Walizunguka shaba, wakaingia matunduni na kutoka, na vivuli vyao vikaruka ukutani vikubwa kama ndege. Sikuweza tena kutofautisha mabawa niliyoyakata kwa mkono wangu na yale yenye uhai. Nikakaa sakafuni. Chanda alikuwa akilia bila sauti.

"Bataangukia batoto!" Mutale akapaza sauti, akaizima taa.

Giza. Akatafuta mshumaa, lakini Mama Asha akamzuia taratibu: "Ngoja kidogo, mwanangu."

Tukangoja. Mabawa yalichakarisha kila upande, karibu na masikio yetu, mengi, laini, na moja likaja kutua mdomoni pangu, nami sikulipangusa.