Mjomba na Gurudumu Dogo

Mjomba wangu ni msomi. Kazi hana, ila ni msomi. Amesomea kwenye sofa letu, kwa simu yangu, kwa bando langu, tangu alipokuja "kupumzika siku mbili". Mama, ambaye ni dada yake, akamwambia leo ndiyo leo: duka la mazulia wanamjaribu, akiikosa na kazi hiyo, sofa tunalitaka.

Basi akajiandaa. Mwingine angeuliza zulia linabebwaje. Yeye akakomaa na neno la Kiingereza, roll, wanaloliitia zulia lililoviringishwa. Chai haijapoa anatuhubiria: limetoka Kilatini, likapitia Kifaransa, asili yake gurudumu dogo. Baadaye likawa karatasi iliyoviringishwa, likawa orodha ya majina, likawa mkate, likawa mpaka meli kuyumba. Nikamuuliza, na mazulia je? Akasema hayo ni madogo, nimsindikize tu nione.

Dukani bosi akamwelekeza: zulia linashushwa ngazi begani, watu wawili, kamba zake hazifunguliwi. Mteja anaonyeshwa ncha tu, urefu wa mkono, inatosha. Mteja mwenyewe, mama mmoja wa miwani, alikuwa anasubiri chini.

Mjomba kule juu akatabasamu kwa huruma. Nikawasha kamera, mimi siyo mjinga.

"Bosi, kwa heshima zote, gurudumu halibebwi begani. Wala halivai mkanda."

Akakata kamba, akalisukuma kwa mguu.

Jamani, lilivyobiringika. Ngazi kwa ngazi linajikunjua lenyewe, utadhani anapita rais, mpaka kwenye viatu vya mteja. Na katikati, kule ambako ncha haifiki, tundu. Panya walikula wakashiba, wakaacha nafasi ya kupitisha kichwa.

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamshukuru mjomba kwa kumwonyesha lote, akaondoka zake. Bosi hakufoka hata kidogo. Alimwambia tu akawasalimie nyumbani.

Njiani mjomba anachouliza ni kama video imetoka vizuri. Imetoka vizuri sana, nilishaitupa kwenye grupu la familia. Tunafika, begi lake liko mlangoni, lile la kuvuta, tairi moja limevunjika.

Akaanza, "Dada, unajua lile neno asili yake..."

"Naijua, umeniimbia tangu asubuhi," mama akasema. "Gurudumu dogo. Hilo hapo, limebaki moja. Livingirishe."