Tulivyouhukumu Mchezo wa Chumvi

Bi Roswitha Kallweit alibisha mlangoni kwangu, mjini Hildesheim, Ujerumani, saa tisa kamili alasiri, wala si dakika moja kabla, nami nikampenda kwa hilo. Kwa miaka thelathini alikuwa akipanga ratiba za treni. Alipostaafu alibuni mchezo mmoja tu wa mezani, Njia ya Chumvi, ambamo wachezaji husafirisha chumvi kwa mashua kutoka mji wa Lüneburg hadi ule wa Lübeck kupitia mfereji wenye malango ya maji. Wiki tatu zilizotangulia, katika podkasti ninayoiendesha pamoja na Wiebke Lüers, nilikuwa nimetamka kwamba mchezo huo ni maiti. Watu elfu nne walinisikia. Yeye pia alinisikia, akaniandikia mstari mmoja: "Uchezeni mbele yangu, mkirekodi."

Nilikubali siku hiyo hiyo. Anayeshutumu hadharani hana haki ya kumkwepa aliyemshutumu. Nilifundishwa hivyo katika shule ya bweni nikiwa na miaka kumi, na sijaona sababu ya kubadilika. Tena, nisifiche, moyo ulinidunda kwa furaha. Katika vipindi mia moja na kumi na viwili hatukuwahi kumketisha mtunzi wa mchezo meza moja na mtu aliyeuponda.

Wiebke alikuwa amekwisha kutandaza ubao na kupanga vigunia vya mbao vilivyowakilisha chumvi.

"Karibu mahakamani, Bi Kallweit," alisema. "Hakimu ndiye huyo mwenye tai."

"Nilidhani atakuwa mrefu zaidi. Hewani anasikika mrefu."

Nikamsomea sharti la kipindi chetu: mtunzi haelezi kanuni wala hamsahihishi mtu, maana hatakuwepo katika kila nyumba utakamochezwa mchezo wake, kitabu cha kanuni kijitetee chenyewe. Aliinamisha kichwa kukubali, akajimiminia kahawa.

Wiebke akawasha mashine ya kurekodi. Yeye hutangaza mchezo kama mtu atangazaye kandanda, na raundi mbili za kwanza zilikwenda hivyo, mashua zikisogea, kadi zikianguka. Raundi ya tatu nilitoa kadi, nikafungua lango la Mölln, nikapitisha mashua yangu. Ya Wiebke ilikuwa ikisubiri nyuma. Naye akaisukuma ikapita.

"Rudisha," nikasema.

"Kwa nini? Lango liko wazi."

"Nimelifungua mimi, kwa kadi yangu. Wewe fungua kwa yako."

"Mheshimiwa, maji hayaulizi kadi ni ya nani."

"Kitabu kinauliza."

Bi Kallweit alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yake yakielekea dirishani. Sikuyatilia maanani. Nilifungua ukurasa wa tisa, nikakisogelea kipaza sauti, nikasoma kwa sauti ile niliyosomea sala za asubuhi bwenini: "Lango linapofunguliwa, mashua zote zinazolisubiri hupita, ya mfunguaji ikitangulia."

Nilisoma hadi nukta. Kisha nikasoma tena, kimya.

Nilikuwa nimecheza michezo mingi ya mifereji, na katika yote lango humfungukia aliyelipia. Kwa hiyo ukurasa wa tisa niliusoma kama mtu anayejua tayari atakachokikuta. Wiebke alijifunza kanuni kutoka kinywani mwangu. Mara zote tatu tulizocheza kabla ya kutoa hukumu, kila mtu alijifungulia peke yake, mchezo ukatambaa, nasi tukautangaza umekufa.

Wiebke aliweka kidole juu ya kitufe. "Ansgar, naweza kukata. Tunaanza upya, tunasema tumeupa mchezo nafasi nyingine. Hakuna atakayejua."

"Bi Kallweit atajua."

"Mimi nimekatazwa kusema," alisema Bi Kallweit. "Sharti lako."

Nilitazama ile taa nyekundu ya mashine. Wasikilizaji wetu hununua michezo, au huiacha, kwa neno langu. Sina kingine cha kuwapa ila neno hilo. Shuleni kwetu aliyekosa alisimama kando ya kiti chake katika ukumbi wa chakula, akalitaja kosa kabla wenzake hawajainua vijiko, desturi ambayo Wiebke amenisikia nikiisimulia mara nyingi. Nikasimama. Wiebke akaniinulia kipaza sauti bila kuambiwa.

"Naitwa Ansgar Dornseif," nikasema. "Nilisema mchezo huu ni maiti. Muuaji ni mimi, kwa kutosoma sentensi moja sawasawa. Hukumu ile naifuta, na ninamwomba radhi Bi Kallweit."

Wiebke akarudisha kipaza sauti mahali pake.

"Keti basi," Wiebke akasema, "supu inapoa."

Bi Kallweit ndiye aliyeanza kucheka. "Sasa naruhusiwa kuongea?"

"Ukiwa mchezaji, ndiyo."

"Nipeni mashua nyekundu."

Tulianza upya, na sijui niuelezeje mchezo tulioucheza. Kila lango likawa mtego: ukilifungua unatangulia, lakini unawavuta na maadui zako. Katika lango la mwisho kabla ya Lübeck mashua tatu zilisongamana, kila mmoja ana kadi na hakuna anayeitoa.

"Fungua, bwana," Bi Kallweit akasema. "Wewe ndiye mwenye haraka."

"Sina haraka."

"Basi mbona umesimama?"

Kweli nilikuwa nimesimama, na sikumbuki niliinuka lini. Wiebke alikuwa akinong'ona kwenye kipaza sauti kama mtu aliyejificha vichakani. Nikahesabu vigunia vyangu mara mbili, nikatupa kadi. Mashua yangu ikaingia Lübeck ya kwanza, ikauza kwa bei ya juu. Nyuma yake ikaja nyekundu, imejaa hadi ukingoni. Bi Kallweit alikuwa amepakia shehena maradufu, kwa kuwa alijua tangu zamani kwamba nitafungua mimi. Akanishinda kwa pointi moja.

Wiebke alipiga meza hadi vigunia vikaruka. Kisha akanigeukia, akauliza kama azime mashine.

"Iache iende," nikamwambia, nami nilikuwa nimeanza kupanga ubao upya.