Kopi Yenye Mstari Mweusi

…kwa hiyo aandike "taarifa zangu za afya" au aandike "siri yangu", maana Mariana amesema siri, lakini barua ya serikali haipendi neno siri, inapenda taarifa, Tadei analijua hilo, miaka kumi na saba anawachapia watu wa Sumbawanga barua zao, za kuomba kazi, za kuomba kiwanja, za kuomba radhi, na mwenye barua hukaa palepale alipokaa Mariana sasa, kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kopi, mikono ameificha ndani ya sweta kwa sababu ya upepo huu wa Juni usiojua mlango, akasema la moyoni mwake, na Tadei akaligeuza Kiswahili cha ofisini. "Umeandika, baba?" Ninaandika mwanangu, endelea. "Andika karatasi hiyo ilikutwa imefungiwa maandazi." Imefungiwa maandazi… vidole vinaandika vyenyewe, na vinajua, vidole, kwamba maandazi yalikuwa ya Luciana, na karatasi za Luciana hutoka chini ya meza hiihii, kwenye boksi ambalo kisigino cha Tadei kinaligusa sasa hivi, akakivuta kisigino taratibu, utadhani boksi lina masikio. Alijua tangu msichana alipoingia, shikamoo baba, nataka barua ya kumshtaki mtu kwenye ile Tume ya taarifa za watu, akaitandaza karatasi mezani, fomu ya rufaa ya hospitali, imelowa mafuta hadi unaona meza kwa chini, jina lake juu, majibu ya damu yake katikati, na ubavuni, kutoka kichwani hadi miguuni mwa karatasi, ule mstari mweusi. Huo mstari! Wengine wataona uchafu tu, Tadei anaona dramu ya mashine yake iliyokuwa inakufa, kabla hajaibadilisha baada ya Pasaka, akaikumbuka na siku yenyewe, Mariana amesimama hapo anataka kopi mbili, ya kwanza ikatoka na mstari, yeye akasema aa, hii imeharibika, siwezi kukupa kazi mbaya, ngoja, akaitupia boksini, akamtolea nyingine mbili safi, akajisifu moyoni kwamba yeye si kama wale wa stendi. Huo ndio ulikuwa uangalifu wake. Na Jumamosi Luciana wa maandazi akaja, kaka Tadei, nimepata leo? umepata, akalivuta boksi akampa zote bure, kwani karatasi inatupwaje na upande mmoja bado mweupe, ndivyo mji mzima unavyofungiwa maandazi, nani hapa hajala andazi juu ya mtihani wa Jiografia wa mtoto wa mtu, juu ya nusu ya cheti cha ubatizo, juu ya hati ya shamba la mtu wa Muze, na watu husoma wakitafuna, yeye mwenyewe aliwahi kusoma karatasi ya karanga yenye mashtaka ya bwana na bibi wa Ilemba, akaisoma yote, akaigeuza kutafuta ugomvi ulikoishia… akacheka, ndiyo, alicheka peke yake.

"Andika kwamba tangazo la tatu halikusomwa." Halikusomwa, maana kanisani matangazo ya ndoa ni Jumapili tatu, Tadei aliyasikia mawili kwa masikio yake, Benjamini wa Wampembe na Mariana wa parokia hii, anayejua kizuizi aseme, watu wakageuka wakamtazama bibi harusi, naye akainamia kitabu cha nyimbo, na Jumapili ya tatu padri akasoma ya wengine, la kwao akalipita. "Benjamini nilimwambia mwenyewe," Mariana anasema, halii, sauti yake ni ya mtu anayetaja orodha ya sokoni, "mwaka jana, kwa mdomo wangu, akasema sawa, tutaishi. Dada zake ndio hawakujua. Dada yake mkubwa alinunua maandazi matatu." Niandike matatu? "Andika." Maandazi matatu, na Benjamini wamempeleka kwao ziwani, akatulize akili, siku ya kumi na tisa leo, hapigi simu. Tadei anasubiri hofu ije, haiji, anajitazama kama anavyotazama paa la jirani likivuja, lo, linavuja. Na semina alikwenda! kijana mwenye tai alisimama akaisoma sheria, kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili, azilinde, Tadei akanyoosha mkono akauliza na sisi wa steshenari? na ninyi mzee wangu, akajisajili, cheti kile pale ukutani, juu kidogo ya kilemba cha Mariana, kwenye fremu, akaweka nywila kwenye kompyuta, jina la marehemu mama yake, kila Ijumaa anafuta mafaili ya wateja, walizungumza kompyuta, simu, mitandao, kutwa nzima, boksi hakulitaja mtu, wala yeye halikumjia, boksi ni boksi. "Mlalamikiwa, andika nesi Monika, wa dirisha la mafaili. Yeye ndiye aliyeishika fomu yangu, nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako, weka na hiyo." Barua ya serikali haiwekwi methali, mwanangu. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza leo, na vidole vya Tadei vikaandika nesi Monika, vilishazoea kutii, kijistari kikasimama mbele ya jina kikipepesa… Monika yupi, si yule aliyemshika mkono mama yake Tadei usiku wa mwisho, akamfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, na hata njiani akiulizwa mgonjwa alikuwa na nini alijibu, alikuwa na miaka themanini? Huyo ndiye ataitwa, atasimamishwa kazi dirishani pake, na hapo ndipo joto lilipompanda Tadei usoni, si hofu, ni aibu, aibu tupu, ya mtu mzima. Karatasi za Luciana hutoka kwingi, mtu anaweza kusema, mashuleni, maofisini, dramu ya zamani ilishatupwa, "mtu asiyejulikana" ni maneno mazuri kabisa ya ofisini, Gaudiosa, mtoto wangu, yuko chuo mwaka wa pili, duka likifungwa… anayasikia maneno yakija moja moja, yamevaa tai, na hakuna hata moja linalomtazama huyu binti usoni. Akabonyeza, herufi zikarudi nyuma moja moja, a, k, i, mpaka pakabaki peupe. "Jina umeandika, baba?" Upepo umeinua pembe ya ile karatasi yenye mafuta, Mariana ameibana kwa kidole, anangoja. Tadei akarudisha kisigino mahali pake, akalisukuma boksi, zito, Jumamosi ni kesho, likakwaruza sakafu likatokea upande wa pili wa meza, na Mariana akainua miguu kulipisha, kama mtu anavyompisha anayefagia, wala hakuangalia chini. "Umeandika?" Bado, mwanangu, jina bado… chungulia humo kwanza.