Uzito wa Ambokile

Jumamosi saa tatu asubuhi Bashiri alivua kandambili, akapanda juu ya mizani ya magunia katika duka la nafaka la Bi Adija, karibu na soko la Majengo. Bi Adija alivaa miwani, akasogeza jiwe la mizani mpaka mkono ukatulia, akasoma kilo mia moja thelathini na saba.

"Bado unaye," alisema.

"Bado ninaye, Bi Adija."

"Haya, shuka taratibu. Juzi ulinivunjia ubao."

Kwa kumtazama, Bashiri alikuwa mwembamba, mtu wa kilo sabini na nne, na suruali zake zilikuwa zilezile. Kilo sitini na tatu zilizozidi zilikuwa za Ambokile. Zilikuwa zimemkaa mabegani tangu mwezi wa sita, na majirani walishazoea. Walichomwomba tu ni asikae kwenye benchi la kahawa.

Ambokile mwenyewe alikuwa Nzuguni, chumba cha kupanga, amelala kitandani na mfuko wa mahindi kifuani ili asiinuke. Shingo yake haikugeuka tena, na miguu ilimtii siku ilipotaka. Mkewe, Dorothea, aliweza kumbeba kwa mkono mmoja huku akipepeta kunde kwa mwingine. Lakini mwezi wa nane ulikuwa umeingia, na upepo wa Dodoma ukianza haumwonei mtu haya. Jumanne mlango uliachwa wazi kidogo tu, wakamkuta amenasa kwenye ua wa minyaa, uso umechanika. Dorothea alikwenda siku ileile kwa Bashiri.

"Shemeji, mrudishie mwenzio uzito wake," alisema. "Siku nyingine ua hautamzuia."

Bashiri hakubisha. Aliona aibu.

Yeye na Ambokile walikuwa wachukuzi miaka kumi na miwili katika ghala moja la nafaka. Ghala likauzwa, mwenye mali mpya akaleta mashine ya kupandisha magunia, nao wakapunguzwa pamoja na wenzao mia na ushee. Walikuwa hawana mbele wala nyuma. Ndipo Respicius, mwenye ukumbi wa video kule Chang'ombe, alipowaona wakibebana kwa mzaha nje ya ukumbi wake. Watu walikuwa wanajazana kwake kutazama mikanda ya mieleka ya Marekani. Akaona bora awape mieleka ya watu wanaowafahamu. Akashona turubai juu ya magodoro, akafunga kamba pande nne, akatundika rimu ya lori iwe kengele.

Mwereka wao wa kumalizia uliitwa Gunia. Bashiri alimtwaa Ambokile mabegani, akamzungusha mara moja, akashuka kwa goti moja na kumlaza chali, naye Ambokile akapiga turubai kwa mikono yote miwili ukasikika mshindo mpaka kwa wauza mahindi ya kuchoma barabarani. Watu wengi hudhani mwereka wa kumalizia ni mali ya anayeangusha. Wamekosea kabisa. Ni wa anayeanguka, kwa sababu ndiye aliyetoa shingo yake. Ulio mzuri humtoa kijasho mtu wa kiti cha nyuma kabisa, na jioni yule aliyeangushwa anakula ugali wake kwa raha. Ulio mbaya huweza kushangiliwa zaidi, hapo ndipo penye balaa.

Kule ghalani, aliyekutwika gunia alikugonga begani. Mara moja, maana yake subiri, halijakaa. Mara mbili, nenda. Hakuna mchukuzi aliyepiga hatua kabla ya kugongwa mara mbili, hata msimamizi apige kelele namna gani. Walihamia ulingoni na desturi hiyohiyo, ila sasa aliyebebwa ndiye aliyegonga.

Mwezi wa sita Respicius alisema goti liondoke. "Watu wameona mikanda. Goti linaonekana, wanajua unamsaidia. Mshushe kichwa chini, mara moja." Jumamosi ile Bashiri alimwinua mwenzake, akasikia kidole kimegonga mara moja. Akasubiri. Respicius akapiga rimu, ukumbi ukapiga mayowe, na Bashiri, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kukosea, akaenda. Watu walishangilia mpaka vumbi likadondoka kwenye mabati. Mtu akiangushwa vibaya namna hiyo, uzito wake hubaki kwa aliyembeba. Wawili walitosha kumtoa Ambokile, na hata hao walikuwa wengi.

Sasa ilibidi mwereka urudiwe palepale ulipoharibika, mbele ya watu walewale. Respicius alikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa, akabandika matangazo mpaka stendi. Sharti lake lilikuwa moja.

"Hakuna goti."

"Bosi, atakufa."

"Hana uzito. Kitu kisicho na uzito kinakufaje kwa kuanguka?"

"Uzito utamrudia akiwa njiani kwenda chini."

Respicius aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua, akaenda kupanga viti.

Jumamosi ileile ya mizani, saa kumi jioni, ukumbi ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Dorothea alimleta mumewe amemviringisha kitenge, akamkabidhi kwa Bashiri ulingoni, akabaki ameishika kamba. Bashiri alimweka mabegani. Hakusikia kitu, isipokuwa joto na pumzi.

"Usiende mpaka nikugonge mara mbili," Ambokile alimnong'oneza.

"Siendi."

"Siku ile ulikwenda."

"Nilikwenda," Bashiri alisema.

Akazunguka mara moja. Mbao za ulingo zililalamika chini ya kilo mia moja thelathini na saba. Akasimama. Kidole kikamgonga begani, mara moja.

Respicius akapiga rimu.

Bashiri hakwenda. Watu wakaanza kupiga miguu chini, kwanza madirishani, halafu ukumbi mzima. "Shusha! Shusha!" Rimu ikalia tena, na tena, mpaka ikawa mlio mmoja usiokatika. Jasho lilimwingia Bashiri machoni na magoti yalianza kumtetemeka, maana sasa alikuwa amebeba uzito wa watu wawili huku mabegani akiwa na asiye na uzito. Aliogopa. Aliogopa kwamba Ambokile amezimia na kidole cha pili hakitakuja kamwe, na kwamba magoti yake mwenyewe yatamwamulia. Dorothea aliita jina la mumewe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamwita kula.

Kidole kikagonga mara mbili.

Bashiri akashuka kwa goti. Uzito ulimtoka begani kwenda mikononi, kilo baada ya kilo, akaukaribisha wote kifuani, akaulaza juu ya turubai kama gunia kule ghalani, mgongo kwanza, kichwa mwisho. Ambokile akapiga turubai kwa mikono yake dhaifu. Mshindo ulikuwa mdogo. Hata mtu wa mstari wa pili aliusikia kwa shida.

Ukumbi ukazomea. "Goti! Goti! Ametumia goti!"

Walihitajika wanaume wanne kumtoa Ambokile. Dorothea alijaribu kumwinua peke yake akashindwa, akakaa chini akalia kwa furaha. Shingo haikugeuka. Huo ulikuwa mwereka mzuri kuliko yote Bashiri aliyowahi kupiga, na hakuna aliyempigia makofi.

Jumatatu asubuhi, wanaume kumi na saba walipanga foleni nje ya ukumbi wa video, karibu wote wa lile ghala. Respicius alikuwa amebandika karatasi mlangoni: anatafuta watu wa kuangusha na wa kuangushwa, bila goti. Bashiri alipita mstarini akiwaeleza, mmoja mmoja, kuhusu kugongwa begani na kuhusu Ambokile. Walimsikiliza kwa heshima. Wa mbele kabisa alikuwa Iddy, baba wa watoto watatu, aliyemfahamu tangu zamani.

"Nimekusikia, kaka," Iddy alisema. "Ila nikuulize. Ule uzito si umemrudia?"

"Umemrudia."

"Wote?"

"Wote. Lakini shingo, Iddy. Shingo haijarudi."

"Basi kama uzito unarudi, hamna neno," Iddy alisema, akaingia ndani kuandikisha jina, na foleni ikasogea.